Kabla ya kwenda Bukavu, uliza kwanza ni mwezi gani

Anayeingia Bukavu kutoka Rwanda huvuka daraja la Mto Ruzizi, hupanda kilima kifupi, na kabla hajatua mizigo ziwa limeshamtokea mara tatu, kila mara upande ambao hakuutazamia. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umejengwa kandokando ya Ziwa Kivu na juu ya rasi tano zinazoingia majini, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ikipinda, maji yanapinda nayo. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1901, wakaupa jina la Costermansville mwaka 1927, na jina la Bukavu likarudi katika miaka ya 1950. Majengo ya enzi hizo bado yapo kwenye Barabara ya Lumumba, yenye kona za mviringo na vibaraza virefu, na mengi yanalia kwa kukosa rangi.

Mgeni atembee kwa miguu. Apite Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix lenye kuba lake kubwa, atazame matofali ya Chuo cha Alfajiri, shule iliyojengwa na Wajesuiti, kisha ashuke kwenye rasi ya La Botte jua linapoelekea kuzama. Baadaye apande mtaa wa Kadutu. Wageni wengi huishia Ibanda kwenye hoteli za kando ya ziwa, wakaondoka wakidhani wameuona mji. Kadutu ndiko wanakoishi watu: nyumba za mbao zimebanana mlimani, soko limefurika hadi barabarani, na ukigeuka nyuma unaona rasi zote, Kisiwa cha Idjwi kwa mbali, na milima ya Rwanda ng'ambo.

Chakula kinastahili safari peke yake. Malkia wa meza ni sambaza, samaki mdogo aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna jiko la Bukavu lisilomjua. Wavuvi hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji, na wanapopiga kasia wanaimba. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, basi sokoni sambaza wanaadimika na bei inapanda. Wakaange wakauke hadi waliwe wazima na vichwa vyao, kwa pilipili na bugali wa mihogo uliochanganywa na unga wa mahindi. Pembeni kuwe na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, au lenga-lenga, yaani mchicha. Anayependa maziwa aulizie mashanza ya Wabashi, maziwa yaliyogandishwa kwa ufundi wa vijiji vya Kabare na Walungu. Anayependa kinywaji cha wazee aulizie kasiksi ya ndizi, ila akae chini kabla ya kuinywa.

Sasa atazame ni nini kilichopika chakula hicho. Karibu kila sufuria ya mji huu huinjikwa juu ya mbabula, na ndani ya mbabula kuna makala, yaani makaa ya miti. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi yako hapahapa mlangoni, lakini umeme haututoshi na hukatika. Anayepika kwa ajili ya watoto sita hawezi kuusubiri. Kwa hiyo magunia ya makala hushuka mjini kila siku kutoka milimani, na sehemu yake hutoka ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega.

Mbuga hiyo ndiyo fahari kubwa ya jimbo la Kivu Kusini. Iliundwa mwaka 1970 kwa juhudi za Adrien Deschryver ili kuwalinda sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki, ambao duniani kote hawapatikani porini ila mashariki mwa Kongo. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kituo cha Tshivanga kiko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Mgeni anayekwenda kuwaona sokwe na mama anayenunua gunia la makala Kadutu wanategemea msitu uleule, na mama huyo hana la kulaumiwa maadamu hajapewa moto mwingine.

Hapo ndipo hewa inapoingia katika habari hii. Miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hewa ya Bukavu huoshwa, na mvua ikikatika unaona hadi ng'ambo ya ziwa. Kiangazi kikifika, mwezi wa sita hadi wa nane, mambo hubadilika. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huinuka kwa kila gari. Vilima na uwanda wa Ruzizi huchomwa ili majani mapya yachipue kwa ng'ombe na mashamba yasafishwe. Kusini zaidi, Katanga, Zambia na Angola, moto huwa mwingi kiasi kwamba satelaiti huuonyesha kila mwaka kama ukanda mzima. Ongeza mbabula za mji uliobanwa kati ya milima na maji. Asubuhi isiyo na upepo, moshi hulala, Idjwi hupotea, na kikohozi cha watoto husikika nyumba hadi nyumba.

Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, inaujua mkasa huu. Ni mji wa kale uliojengwa mwaka 1296, uliozungukwa na milima, wenye mahekalu na tambi za khao soi zinazowavuta watu kutoka pembe zote za dunia. Kila Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, mlima Doi Suthep hutoweka machoni, na mji huo mara nyingi huongoza orodha ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Wakazi wake walikataa kunyamaza. Mwaka 2023 wapatao 1,700 waliishtaki serikali yao, na Januari 2024 mahakama ikaiamuru itoe mpango wa dharura ndani ya siku 90. Huko msafiri huonywa juu ya moshi kabla hajakata tiketi. Kwetu moshi huhesabiwa kuwa hali ya hewa tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majiko ya nyumbani huua watu karibu milioni 3 kila mwaka.

Ninajua kwamba tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, watu wa Bukavu wana hofu zilizo karibu zaidi kuliko moshi. Msafiri asianze safari bila kuuliza habari za mpaka, barabara na usalama kwa watu walioko huko siku hiyohiyo. Lakini vita havijamzuia mtu yeyote kupika, na mapafu ya mtoto hayangoji amani.

Hali ikiruhusu, njoo mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni: mvua inakatika, milima bado ni ya kijani, moto haujaanza. Ukija Julai, njia ya msituni ni kavu zaidi, lakini mwenye pumu aje na dawa yake. Na ninyi wenye mamlaka, vyuo vikuu na hospitali za mji huu: ipimeni hewa ya kiangazi, mtangaze vipimo hadharani kila siku, na umeme wa Ruzizi uanze kufika jikoni Kadutu.