Kwa Nini Mnandi Huanika Mabawa Yake

Kuruka angani na kupiga mbizi majini ni kazi mbili zinazodai miili ya aina mbili, kwa kuwa arukaye sharti awe mwepesi ili hewa imbebe, ilhali azamaye sharti awe mzito wa kutosha ili maji yasimrudishe juu. Mnandi, yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu aonekanaye juu ya miamba ya Mwanza na kandokando ya Ziwa Naivasha akiwa ametandaza mabawa juani, huzifanya zote mbili, na mwili wake unabeba alama za mvutano huo.

Kwa upande wa kuruka, mnandi ana urithi uleule wa ndege wengine. Mfupa wake wa kidari umechomoza ukingo mrefu mfano wa mkuku wa chombo cha baharini, na hapo ndipo iliposhikizwa misuli ya mabawa. Msuli wa nje, ulio mkubwa zaidi, hulivuta bawa chini. La kustaajabisha ni kwamba msuli unaoliinua haukai mgongoni bali umelala papo hapo kidarini, chini ya ule wa kwanza, na kano yake, yaani ukamba mgumu unaounganisha msuli na mfupa, hupanda hadi begani, hupenya katika tundu lililo baina ya mifupa mitatu, kisha hushikana na mfupa wa bawa kwa upande wa juu. Msuli huo ukijikaza bawa hupanda, kama vile henza ya jahazi, ikivutwa kuelekea chini, inavyopita katika kapi na kuipandisha foromali. Kwa mpango huo uzito wa misuli yote hubaki chini ya mabawa, na ndege hupata utulivu hewani.

Mapafu ya ndege nayo hayatanuki na kusinyaa kama ya binadamu. Hewa huvutwa na kusukumwa na vifuko vya hewa, yaani mifuko myembamba iliyoenea kifuani na tumboni, na kwa ndege wengi hata ndani ya mifupa, hivyo kwamba hewa hupita mapafuni kwa mwelekeo mmoja tu, wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuitoa. Hewa hiyo imsaidiayo arukaye ndiyo imwelezayo azamaye; kwa hiyo mifupa ya mnandi ina hewa kidogo kuliko ile ya mwari, ambaye huvua bila kuzama kabisa.

Mara nyingi husemwa kwamba mnandi hulowa kwa sababu hana mafuta ya manyoya, lakini maelezo hayo si sahihi, kwani tezi ya mafuta anayo juu ya mkia. Siri imo katika umbo la unyoya wenyewe, ambao kingo zake za nje hupitisha maji huku sehemu ya kati ikiyazuia, na matokeo yake ni kwamba hewa nyingi hutoka ndege anapozama, ila tabaka jembamba hubaki karibu na ngozi likimhifadhia joto. Akiwa chini hufumba mabawa na kupiga maji kwa miguu yote miwili kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na vidole vinne vilivyounganishwa kwa utando, na lenzi ya jicho lake hubinywa na misuli hadi ikatuna, ili aone samaki vizuri ndani ya maji.

Gharama huja baada ya kuibuka. Miguu iliyokaa nyuma mno humfanya atembee kwa shida, kupaa kutoka majini humlazimu akimbie juu ya maji, na manyoya yaliyolowa hayana budi kuanikwa. Ngwini walikwisha kuacha kuruka, mifupa yao ikawa mizito, na ngwini mkubwa kuliko wote huzama zaidi ya mita 500. Mnandi wa visiwa vya Galápagos, nchini Ekuado, naye amepoteza uwezo wa kuruka, na mabawa yake yamepungua yakawa vipande vidogo visivyoweza kumwinua. Hata hivyo, kila atokapo baharini husimama juu ya mwamba na kuyaanika.