AHADI NI DENI
Msanii aliyewacheka watoa ahadi, kisha wananchi wa Mikumi wakamwambia: "Haya, zamu yako"

Ndugu msomaji, katika mila zetu iko kazi moja isiyo na mshahara wala cheo, nayo ni kazi ya mtani. Mtani huingia msibani watu wakiwa wanalia, akaanza kuwachekesha. Humwambia tajiri kuwa ni bahili, humwambia mkubwa kuwa ni mwoga, wala hapana anayethubutu kumkasirikia. Mzaramo humfanyia hivyo Mnyamwezi, na Mnyamwezi humlipa kwa kipimo kile kile. Wazee wetu walifahamu kuwa yapo maneno ya kweli ambayo yakisemwa makavu huleta ugomvi, lakini yakipakwa kicheko humezeka.

Hata hivyo, jambo moja wazee hawakulifanya. Hawakumwambia mtani: "Wewe unayetucheka, kaa kitini sasa, nasi tukutazame." Wananchi wa Jimbo la Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, walilifanya. Tarehe 25 Oktoba, 2015, walimchagua kuwa mbunge wao mtu ambaye Watanzania walikuwa wamemfahamu kwa miaka kumi na minne kuwa bingwa wa kuwacheka watoa ahadi. Jina lake ni Joseph Leonard Haule. Mitaani, na katika redio, anaitwa Professor Jay.

Mikumi wengi wetu tunaipita tu. Msafiri wa basi aendaye Iringa au Mbeya hukata Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, mwendo wa kiasi cha kilomita 50, akitazama twiga na tembo dirishani. Kisha huteremka mjini kununua chakula, akaendelea na safari. Lakini jimbo ni zaidi ya kituo cha basi. Kaskazini liko neno la zamani, reli ya kati, ambayo hupita Kilosa mjini kando ya mto Mkondoa. Kusini, kuelekea Ruhembe na Kidodi, yako mashamba ya miwa. Katikati wako wakulima wanaotaka barabara ya kupitisha mazao, na akina mama wanaotaka maji ya bomba karibu na nyumba. Watu wa namna hiyo wamesikia ahadi nyingi kuliko hesabu ya miti.

Basi mtu huyu alianzaje? Alizaliwa mwaka 1975. Muziki alianza katika kundi la Hard Blasters, ambalo mwaka 2000 lilitoa albamu iitwayo Funga Kazi. Humo ulikuwamo wimbo wa Chemsha Bongo, uliowafanya hata wazee waliouchukia muziki wa kufokafoka wakae kitako wasikilize maneno. Kundi lilipotawanyika, alitoka peke yake. Mwaka 2001 akatoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na mwaka 2003 akatoa Mapinduzi Halisi, yenye wimbo wa Zali la Mentali, kisa cha kuchekesha cha kijana fukara aliyeangukiwa na bahati ya kupendwa na mwanamke tajiri.

Si haki kusema kuwa kipaji hiki kilizuka hewani. Msomaji mwenye umri wa kutosha atawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambao sauti zao ziliweza kuinyamazisha nyumba nzima hata watoto wakaacha kugombania mkeka. Atamkumbuka pia Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyefariki dunia Agosti 2018 baada ya kuwachekesha Watanzania kwa zaidi ya nusu karne. Hawa wote walikuwa na silaha moja: walimchukua mtu tunayemjua sote, wakamkuza kidogo, hata tukamwona vizuri zaidi kuliko tunavyomwona mtaani. Professor Jay alifanya vivyo hivyo, ila aliweka ngoma chini ya maneno.

Wimbo uliomjengea jina ni Ndiyo Mzee, wa mwaka 2001. Ndani yake mgombea anahutubia mkutano wa hadhara. Anaahidi, na wananchi wanaitikia kwa maneno hayo mawili ya jina la wimbo. Anapanda daraja, nao wanaitikia. Anazidi kupanda, mpaka anafikia kuahidi kuwa wanafunzi watafanya mafunzo yao ya vitendo mwezini, na bado wananchi wanaitikia.

Wengi tulidhani wimbo huo unamcheka mgombea peke yake. Usikilize tena, ndugu msomaji, kwa makini. Mgombea yule anasema uongo kwa sababu kila uongo anaotoa unapokewa kwa shangwe. Laiti baada ya ahadi ya kwanza angesimama mtu mmoja akauliza, "Fedha zitatoka wapi?", hapana shaka hotuba ingekatika pale pale. Lakini hakusimama mtu. Kicheko cha wimbo huo kina makali mawili: kimoja kinamkata msemaji, cha pili kinatukata sisi tuliokaa juani tukipiga makofi. Ndiyo maana msanii huyo baadaye alitoa mwendelezo uitwao Siyo Mzee, ambamo wananchi wamechoka, nao wanakataa.

Sasa turudi mwaka 2015. Ulikuwa mwaka wa ajabu kwa watu wa kazi ya kuchekesha, maana katika mabara matatu walisimama mbele ya wapiga kura.

Huko Uingereza yuko mchekeshaji na mtangazaji mashuhuri, Al Murray, ambaye kwa miaka mingi amepata riziki kwa kuigiza mwenye baa mmoja mjuaji wa kila kitu, ambaye wageni wote kwake ni wabaya na Waingereza wote ni wema. Mwezi Mei 2015 aligombea ubunge katika jimbo la South Thanet akiwa katika sura ya huyo mwenye baa, akaahidi kuwa bia itauzwa kwa peni moja. Alipata kura 318. Hakuomba kura ili atawale. Aliomba ili wapiga kura wazitazame upya ahadi za wagombea wengine. Kura zilipohesabiwa, alirudi jukwaani kwake, wala hakuwa na deni kwa mtu.

Huko Guatemala, Amerika ya Kati, tarehe 25 Oktoba 2015, yaani siku ile ile Watanzania walipopiga kura, mchekeshaji wa televisheni Jimmy Morales alichaguliwa kuwa Rais. Kaulimbiu yake ilikuwa kwamba yeye si fisadi wala si mwizi. Wananchi waliokuwa wamechoshwa na ufisadi walimpokea kwa mikono miwili. Miaka miwili baadaye tume iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza ufisadi, ilitaka kumchunguza yeye mwenyewe kuhusu fedha za kampeni. Morales alikataa kuiongezea muda, nayo ikafunga ofisi Septemba 2019. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Hata jirani zetu Wakenya hawakubaki nyuma. John Kiarie, mmoja wa vijana watatu wa Redykyulass waliokuwa wakiwaigiza wakubwa katika televisheni, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Mwaka 2022 Felix Odiwuor, mchekeshaji na mtangazaji wa redio ajulikanaye kama Jalang'o, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata. Na hapa kwetu, kabla ya Professor Jay, mwanamuziki Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa ameshinda Mbeya Mjini mwaka 2010.

Tunaona basi njia mbili. Ya Al Murray ni ya mtani anayebaki kuwa mtani. Ya Mikumi ni ya mtani anayeketi kitini. Hii ya pili ni ngumu zaidi, nayo ina heshima yake, kwa kuwa mtu anayejua vizuri namna ahadi za uongo zinavyotengenezwa anakubali kupimwa kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe. Kila alipopanda jukwaani Mikumi, wimbo wake ulipanda naye. Hakuna mgombea mwingine nchini aliyekuwa na shahidi wa namna hiyo, anayejulikana hata na watoto.

Aligombea kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Bungeni Dodoma jina la jukwaani liliwekwa kando. Akawa Mheshimiwa Joseph Haule, mwenye kuuliza maswali juu ya barabara na maji ya watu wa jimbo lake. Hapo ndipo linapokuja somo ambalo nyimbo hazikuweza kulieleza, nalo linatuhusu sote tunaopiga kura.

Mbunge hana hazina. Hawezi kutia saini hundi ili barabara ya Kilosa na Mikumi itiwe lami. Kazi zake ni kutunga sheria, kuuliza maswali, kuisimamia Serikali na kuipitisha bajeti pamoja na wenzake. Katika halmashauri ya wilaya yeye ni mjumbe pamoja na madiwani, mwenye sauti moja kati ya nyingi. Uko Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge; lakini fedha zake ni za kuchochea miradi ambayo wananchi wameianza wenyewe, kama vile kuezeka darasa au kumalizia zahanati. Hazijengi barabara kuu.

Kwa hiyo mgombea yeyote, wa chama chochote, asemaye "nitawajengea", kwa haki angalisema "nitawaombea, nitawafuatilia, nitawapigia kelele." Maneno hayo hayapigiwi makofi. Ndiyo sababu wachache huyasema. Na ndiyo sababu mtani akiingia katika kiti hicho hugundua kuwa yale aliyoyacheka hayakuwa uongo wa watu wabaya tu; mengine ni pengo kati ya kile ambacho wananchi wanakitaka na kile ambacho kiti kinaweza.

Tarehe 28 Oktoba 2020 nchi ilipiga kura tena, na jimbo likaenda kwa Dennis Londo wa Chama Cha Mapinduzi. Miaka mitano ya Professor Jay ikaisha.

Kisha likaja jaribio lisilo na jukwaa. Januari 2022 aliugua, akalazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kwa siku 127 alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwili uliokuwa ukiruka jukwaani ulikonda hata waliomwona walilia. Wananchi walimchangia, na Serikali ikaubeba mzigo wa matibabu, ingawa mgonjwa alikuwa mtu wa upinzani. Jambo hilo ni la kuandikwa kwa wino mzuri, maana katika kitanda cha hospitali hakuna bendera ya chama.

Alipona. Mwaka 2023 alitoa wimbo uitwao Siku 127, akaanzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Familia yenye mgonjwa wa figo itatuelewa. Figo zikishindwa kazi, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, juma baada ya juma. Na mfanyakazi wa mshahara wa kawaida hawezi kuyabeba hayo peke yake kwa muda mrefu. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayoweza kupimwa kwa dakika chache katika kituo cha afya, ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Kwa hiyo, baba na mama wa nyumba, nendeni mkapime kabla figo hazijawadai.

Itazameni ahadi hii ya mwisho, mkailinganishe na zile za wimbo. Haina mwezi wala nyota. Ni ndogo, inahusu jambo ambalo mtoaji wake amelipitia kwa mwili wake, na anaweza kuulizwa juu yake mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo ahadi yenye umbo la ahadi.

Methali yetu haikusema kuwa ahadi ni zawadi. Ilisema ahadi ni deni, na deni lina watu wawili: mdaiwa na mdai. Tumezoea kumlaumu mdaiwa. Lakini mdai asiyeandika deni lake, asiyeuliza litalipwa kwa fedha gani, na asiyefika mlangoni siku ya kulipwa, huyo naye ana sehemu yake katika hasara. Mkutano wa hadhara ujao ukifika mtaani kwenu, chukueni watoto mwende nao. Chekeni panapochekesha. Kisha, msemaji atakapotua ili mwitikie, mmoja wenu anyooshe mkono aulize: kwa fedha za nani, kwa mwaka upi, na tumuulize nani isipofanyika?