Zamu ya Asiyeshika Jembe

Bonde la Subukia nchini Kenya lina rutuba, na udongo huohuo unaowalisha watu ndio unaowasumbua miguuni. Mvua ikinyesha, njia za huku Kabazi zinazopanda na kushuka kati ya mashamba huwa tope na utelezi. Mtu anayetembelea magongo hukaa ndani hadi njia ikauke. Anayetaka kujua mtu huyo anaishije aanze kwa majirani zake.

Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi ya walowezi wa bonde hili yalipita mikononi mwa Waafrika, na familia za Wakikuyu zilizohamia huku zilikuja na desturi yao ya ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Malipo ya pesa hayapo, na mwenye shamba ndiye hupika. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, alieleza jinsi nyumba ilivyojengwa ikamalizwa siku moja, wanaume wakileta miti na wanawake nyasi za kuezekea. Lakini ngwatio ina ukali wake. Asiyekwenda kwa wenzake bila sababu asitegemee kuona mtu zamu yake ikifika.

Je, ukali huo unamweka wapi asiyeweza kushika jembe?

Wapo wanaomlimia bure kwa huruma. Ni wema, ila mtu akishazoea kupokea tu, hata neno lake mkutanoni huacha kuulizwa. Mimi naamini apewe zamu kamili na adaiwe kazi kamili anayoiweza: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kuangalia watoto wa waliokwenda shambani, kushika daftari la chama cha ngwatio. Aliyepukuchua magunia ya wenzake amelima. Hadaiwi shukrani na mtu.

Wenye shida ya kutembea nao wana ngwatio yao, na humo vifaa ndivyo mali. Magongo ya mtoto aliyekua humfaa mtoto mwingine. Fremu ya kutembelea ya mzee aliyepona nyonga haina kazi nyuma ya mlango. Hata anwani ya fundi baiskeli anayejua kubadilisha beringi na kuziba pancha ya kiti cha magurudumu ni msaada mkubwa. Na kuna ujuzi ambao aliyeupitia ndiye huueleza vizuri: gongo la kwapani liachie nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja, la sivyo mishipa ya fahamu hubanwa na mkono hufa ganzi. Ni wenzako pia watakaokuambia kwamba usajili kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huhitaji kupimwa hospitalini, na kwamba mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazomtunza mwenye ulemavu mkubwa.

Kiti cha magurudumu, hata hivyo, kisipitishwe mkono kwa mkono ovyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataka kila mtumiaji apimwe na kiti kirekebishwe kimwenee. Kiti kipana humpindisha mtu mgongo. Bila mto unaofaa, asiye na hisia mwilini hupata vidonda vya makalio, na vidonda hivyo huua. Tena kiti chenye vigurudumu vidogo vya mbele, kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali, huzama kwenye tope la Kabazi.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 385,000 wenye ugumu wa kutembea. Wenyeviti wa vyama, andikeni majina ya walio jirani nanyi na kazi wanazoziweza, muwape zamu msimu huu wa kupanda. Na wewe mwenye magongo yasiyotumika, yapeleke chamani wiki hii, pamoja na boliti na mipira yake ya chini.