Kutu Chini ya Kiti

Aghalabu mtazamaji wa gari la kale hustaajabia umbo lake na mng'ao wa rangi yake ya nje, asitambue kwamba kazi iliyomchosha fundi kuliko zote imefichika ndani, chini ya viti na zulia. Chukua Volkswagen Beetle ya miaka ya 1950, gari lile la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo, ambalo Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nalo mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954. Je, wajua kwamba betri yake haikuwekwa mbele, wala nyuma iliko injini, bali chini ya kiti cha abiria wa nyuma? Hapo mvuke wa tindikali uliambaa juu ya bati mwaka baada ya mwaka, nayo mito ya viti, ambayo mingi ilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi, ikanyonya unyevu na kuushikilia juu ya springi. Basi fundi ainuapo kiti hicho huweza kukuta sakafu imetoboka, ilhali dashibodi, nayo ni bati lililopakwa rangi tu, ingali nzima.

Kutu si uchafu wa kufutwa kwa kitambaa. Chuma hutoka ardhini kikiwa kimeshikamana na oksijeni katika mawe mekundu, na ni tanuri iliyowatenga wawili hao. Maji na hewa vikutanapo juu ya bati lililo wazi, hasa penye chumvi kama pwani, ndoa ile ya kale hufungwa tena. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huisukuma rangi kutoka chini hadi ikavimba na kubanduka. Kupaka rangi mpya juu yake ni kuifungia ndani iendelee na kazi, nami sioni udhuru wowote kwa fundi afanyaye hivyo.

Reli za viti na fremu zake, zikishafunguliwa na kuoshwa grisi, hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Lakini penye pembe zisizofikika, umeme huifanya kazi hiyo kwa upole wa ajabu. Kipande hutumbukizwa katika pipa la plastiki lenye maji yaliyokorogwa soda ya kufulia, kikaungwa na upande hasi wa chaja ya betri, na upande chanya ukaungwa na chuma chakavu, viwili hivyo visigusane. Punde viputo vya hidrojeni huanza kuchomoza, maji yakageuka rangi ya kahawia, na baada ya saa kadhaa kutu hulainika ikawa masizi meusi yatokayo kwa brashi ya kawaida. Hadhari mbili ni faradhi: kazi ifanyike penye hewa wazi, maana hidrojeni hulipuka kwa cheche moja, wala upande chanya usitumiwe chuma cha pua, kwani kromiamu iliyomo huweza kugeuka sumu kali majini.

Palipobaki madoa, wengine hupaka asidi ya fosforasi, wengine tanini, ambazo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Tanini ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa kutoka Rufiji kwenda ng'ambo kutengenezea ngozi.

Springi, walakini, zisitiwe katika pipa la umeme wala tindikali, kwa sababu feleji yake hunyonya hidrojeni ikapoteza unyumbufu, hata springi ikakatika ghafla ikikaliwa. Hizo zatosha brashi na subira. Bati likishakauka lipakwe praima siku hiyo hiyo, kwani usiku mmoja wa hewa ya Mombasa watosha kukirudishia chuma kitupu wekundu wake, kisha rangi ipulizwe kwa matabaka membamba. Uso wa reli ambao kiti huteleza juu yake hauhitaji rangi, maana msuguano utaikwangua mara moja. Hupakwa grisi kidogo, kiti kikaenda mbele na nyuma bila kukwama.