Kupanda na Kuteremka: Njia za Baisikeli katika Bonde la Mto Arc

Katika nyumba nyingi baisikeli ni mali ya jamaa nzima. Baba huiendea kazini, kijana huchukulia mzigo wa mama mpaka sokoni, na watoto huifuta vumbi jioni ili wapewe ruhusa ya kuzunguka nayo uani. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema mwezi huu tuwaeleze habari za bonde moja la Ulaya, ambako watu hutoka nchi za mbali ili wapande milima mirefu kwa baisikeli, wala hawana mzigo wa kuchukua wala kazi ya kuendea; wataka tu kujua kama watafika juu. Huenda wengine wenu watacheka. Lakini tusomeni mpaka mwisho, maana katika habari hizi mna neno limpasalo kila mwenye magurudumu mawili.

BONDE LENYEWE

Upande wa mashariki wa nchi ya Ufaransa, mpakani mwa Italia, imesimama milima ya Alps. Huko, juu ya kijiji kiitwacho Bonneval-sur-Arc, mto Arc huzaliwa penye barafu isiyoyeyuka yote hata wakati wa jua kali. Mto huo huteremka kuelekea magharibi mwendo wa kilometa 120 na zaidi, mpaka kuingia katika mto Isère. Bonde lake huitwa Maurienne, nalo ni sehemu ya nchi ya Savoie, iliyotiwa katika Ufaransa mwaka 1860. Mji wake ulio mashuhuri ni Saint-Jean-de-Maurienne, uliopewa jina hilo kwa heshima ya Yohana Mbatizaji.

Chini bondeni nafasi ni haba. Mto, reli na barabara kuu vyabanana pamoja kama watu mlangoni. Maji ya milima huzungusha mitambo ya umeme, na umeme huo hutumika viwandani, hata katika kufanya alumini. Malori ni mengi, na mchana wa kiangazi upepo huvuma kwa nguvu kulipanda bonde. Basi mpanda baisikeli hakawii huko. Huitafuta mapema njia ya pembeni, naye akiisha kuipata, huanza kupanda.

NJIA ZA KUPANDA

Tukitoka magharibi, twafika kwanza La Chambre. Hapo njia ya kaskazini hupanda Madeleine, mwendo wa kilometa 19 hivi, mpaka karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kwa kila mita 100 za kwenda mbele, mtu hupanda mita 8. Njia ya kusini huenda Glandon, mita 1,924, na maungo huumia zaidi karibu na mwisho, mahali ambapo nguvu zimekwisha kupungua.

Karibu na hapo pana njia ya Montvernier, iliyojengwa kati ya mwaka 1928 na 1934. Mlima wenyewe ni kama ukuta, nao wajenzi wakaikunja njia mara 18 hivi katika mwendo wa kilometa tatu na nusu tu, hata mtu akisimama upande wa pili wa bonde huiona kama kamba iliyotupwa juu ya jabali. Mashindano makubwa ya Ufaransa, yaitwayo Tour de France, yalipita hapo mara ya kwanza mwaka 2015. Siku ile fulana ya njano, ambayo ni alama ya mtu anayewatangulia wote kwa hesabu ya saa, ilivaliwa na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyejifunza mbio za baisikeli huko Kenya pamoja na Mkenya David Kinjah. Mwaka ule yeye ndiye aliyeshinda mashindano yote.

Kutoka Saint-Jean yenyewe njia hupanda kilometa 30 hivi mpaka Croix de Fer, maana yake Msalaba wa Chuma. Mbele kidogo, Saint-Michel, huanza njia ijulikanayo kuliko zote. Kwanza ni Télégraphe, mita 1,566, mahali palipopata jina kwa mitambo ya zamani iliyopeleka habari kwa ishara za mikono ya mbao, kabla ya simu ya waya. Halafu mtu huteremka kidogo mpaka kijiji cha Valloire, naye huona uchungu kwa kupoteza bure kimo alichokipata kwa jasho. Kisha hupanda tena kilometa 18 mpaka Galibier, mita 2,642. Washindani walipita huko mara ya kwanza mwaka 1911. Njia ilikuwa ya mawe na matope, na baisikeli zao zilikuwa nzito. Wengi walishuka wakazisukuma; Émile Georget alifika juu wa kwanza pasipo kuweka mguu chini.

Mwisho wa bonde, kupita Lanslebourg na njia ya Mont Cenis iliyotengenezwa kwa amri ya Napoleon, twarudi Bonneval. Hapo huanza kupanda Iseran, barabara ya kuvukia milima iliyo ndefu kwenda juu kuliko zote za lami katika Alps, kupita mita 2,760. Ilifunguliwa mwaka 1937. Juu kabisa pana kanisa dogo la mawe, lililojengwa mwaka 1939, nalo huitwa la Mama Yetu wa Busara Yote. Jina hilo lapafaa mahali pale, kama mtakavyoona.

Njia hizi za juu hufungwa kwa theluji tangu karibu na Novemba mpaka Mei au Juni. Hata katika kiangazi mbingu hubadilika ghafula. Tarehe 26 Julai 2019, washindani walikuwa wamekwisha kuvuka Iseran wakiteremka, mara mvua ya mawe ikanyesha mbele yao na matope yakaifunika barabara. Wakubwa wa mashindano wakayasimamisha, ikahesabiwa saa ya kila mtu kama ilivyokuwa kileleni.

Kando ya njia nyingi za huko, kila kilometa moja, kuna alama iliyoandikwa urefu uliosalia, kimo cha mahali, na ukali wa kilometa inayofuata. Mwenye akili huisoma, akagawanya nguvu zake. Asiyeisoma hukimbia mwanzoni, kisha huketi kando ya njia na kuwatazama wazee wakimpita polepole.

KUTEREMKA

Walakini hatari kubwa haiko katika kupanda. Anayepanda mlima akichoka, husimama. Anayeteremka hana ruhusa hiyo, illa breki zikimpa. Mwaka 1935, siku ile mashindano yalipovuka Galibier, Mhispania Francisco Cepeda alianguka wakati wa kuteremka, akafa siku chache baadaye.

Na bonde hili lina ushuhuda mwingine ulio mzito zaidi, usio wa baisikeli. Usiku wa tarehe 12 Desemba 1917, askari wa Kifaransa waliokuwa wakirudi kutoka vitani Italia walikuwa katika gari la moshi, wakienda likizo kwao. Walikuwa na furaha, maana Noeli ilikuwa karibu. Huko Modane mabehewa yaliunganishwa, yakawa 19 nyuma ya mtambo mmoja, na matatu ya kwanza tu ndiyo yaliyokuwa na breki za hewa. Dereva alisita, maana aliujua mteremko. Lakini aliamriwa aondoke, akatii. Katika mteremko wa kwenda Saint-Michel uzito uliushinda mtambo. Mwendo ukazidi kilometa 100 kwa saa, mabehewa yakatoka relini, yakarundikana, yakashika moto. Watu zaidi ya 400 walikufa. Walikuwa wameokoka katika mizinga, wakafa kwa upungufu wa breki.

Twawaomba wasomaji waitafakari habari hii watakapoitazama baisikeli iliyoegemezwa ukutani. Breki haiumbi wala haiondoi nguvu; huigeuza mwendo kuwa joto. Ukiishika mfululizo toka juu hata chini, ukingo wa gurudumu huwaka, na mpira waweza kupasuka. Desturi ya wapandaji wa Maurienne ni kuziminya breki zote mbili kwa vipindi, kupunguza mwendo kabla ya kuingia pindo wala si ndani yake, na kutazama mbali kule wanakokwenda. Tena wakifika juu huvaa nguo kabla ya kushuka, maana jasho likikutana na upepo, vidole hufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakiwezi kuminya breki. Zamani washindani walipokea gazeti kileleni na kulitia chini ya fulana ili kukinga kifua. Basi hata gazeti kuukuu lina kazi yake!

Ninyi wazazi, kabla ya kumtuma mtoto mahali penye mteremko, zungusheni gurudumu kwa mkono na kuiminya breki. Mipira yake ikiwa imekwisha, mtoto na aende kwa miguu siku hiyo. Akinung'unika, mwambieni habari za dereva wa Modane, aliyejua hatari akalazimishwa kwenda. Kisha mwambieni ya kwamba nyumbani kwenu hakuna atakayelazimishwa. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Twawatakia ninyi nyote kupanda kwema, na kushuka kwema zaidi.