Baiskeli ya mtoto: Pima mguu kabla ya kupima bei

Ukiitazama kwa mara ya kwanza, baiskeli hii ndogo inaonekana kama imetoka kiwandani kabla haijakamilika. Ina magurudumu mawili, fremu, kiti na usukani. Haina pedali, haina cheni, haina magurudumu ya pembeni. Mzazi anayeikuta dukani huuliza vifaa vingine viko wapi, na muuzaji asiye na jibu hubaki na mzigo wake.

Kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa za watoto kati ya nchi zetu, swali hilo lina uzito. Mzigo ukichaguliwa vibaya hautoki, na ukitoka hurudi na mteja mwenye hasira. Mbaya zaidi, hauumizi mfuko peke yake. Anayepanda baiskeli hii ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka minne au mitano, ambaye hawezi kusema kwamba kiti kimemzidi. Yeye huanguka tu.

Kwa nini haina pedali

Baiskeli yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akakaa juu yake mjini Mannheim na kujisukuma kwa miguu. Pedali zilikuja miongo kadhaa baadaye. Katika ukanda wetu hakuna haja ya kwenda mbali: chukudu ya Goma, inayobeba magunia ya viazi na makaa, ni magurudumu mawili ya mbao yasiyo na pedali, na mwendeshaji huisukuma kwa mguu mmoja. Anayeijua chukudu anajua kwamba kazi kubwa ni kushika mizani. Mwendo hufuata.

Hapo ndipo siri ya baiskeli ya mtoto ilipo. Yenye magurudumu ya pembeni humfundisha mtoto kuzungusha pedali, lakini haimfundishi kutoanguka, kwa sababu haimruhusu kulala upande anapokata kona. Siku magurudumu hayo yanapoondolewa, anaanza upya. Isiyo na pedali hufanya kinyume. Mtoto anatembea nayo, kisha anakimbia, kisha anainua miguu na kuteleza akiwa amejimudu. Akishafika hapo, kumwongezea pedali huwa jambo dogo.

Tepu ya fundi cherehani

Maboksi mengi huandikwa umri. Usiuze kwa umri. Watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kutofautiana urefu wa mguu kwa sentimita kadhaa, na hizo ndizo zinazoamua kila kitu.

Mwambie mzazi amsimamishe mtoto ukutani akiwa amevaa viatu, amwekee kitabu katikati ya mapaja kikiwa kimegusa juu kabisa, kisha apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kiti kinatakiwa kuwa chini ya kipimo hicho kwa sentimita mbili hadi tatu. Hapo nyayo zote mbili zitakanyaga chini na magoti yatakunjika kidogo. Mtoto anayegusa chini kwa ncha za vidole hawezi kujisukuma wala kusimama.

Chukua mfano. Mguu ukiwa sentimita 35, kiti kiwe sentimita 32 au 33. Baiskeli ambayo kiti chake hakishuki chini ya 36 haimfai mtoto huyo, hata kama boksi limeandikwa miaka miwili. Kwa hiyo unaponunua jumla, namba ya kwanza kuuliza ni urefu wa kiti kikiwa chini kabisa. Ya pili ni urefu wake kikiwa juu kabisa, maana ndiyo inayoonyesha mtoto ataitumia kwa muda gani kabla ya kumpita. Ukubwa wa gurudumu, ambao kwa kawaida ni inchi 12, haukupi jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Uzito

Kanuni inayotumiwa na wauzaji wengi ni kwamba baiskeli isizidi asilimia 30 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa miaka miwili huwa na kilo 12 hivi, kwa hiyo baiskeli yake isipite kilo tatu na nusu. Ukimpa ya chuma ya kilo sita, umempa nusu ya uzito wake mwenyewe aiinue kila inapoanguka. Ataichoka wiki ya kwanza, na mzazi atasema mtoto hapendi baiskeli.

Fremu za aluminiamu ni nyepesi na hazishiki kutu, ila bei yake iko juu. Za chuma ni nafuu na fundi yeyote anaweza kuzichomelea. Za mbao hupendeza, lakini kagua kama hazina vibanzi, kama maungio yamekazwa vizuri na kama rangi haibanduki, kwa sababu mtoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni. Nenda ghalani na mizani ndogo ya kuning'iniza. Hutumia dakika moja, na husema kweli kuliko maandishi ya boksi.

Matairi, breki na usukani

Matairi ya sponji ngumu hayapati pancha na ni mepesi. Yanafaa kwa mteja mwenye sakafu, uwanja wa saruji au barabara ya lami isiyo na magari. Kwenye vumbi, kokoto na nyasi, tairi la upepo hushika ardhi vizuri zaidi na hupunguza mtikisiko. Ukichagua la upepo, hakikisha tyubu zinapatikana kule unakouzia. Saizi ya inchi 12 na nusu kwa mbili na robo hutumika kwenye baiskeli nyingi za watoto, kwa hiyo fundi wa mtaani ataifahamu. Yaepuke magurudumu ya plastiki ngumu yasiyo na mpira wowote juu yake, maana huteleza.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana nguvu ya vidole ya kubana breki. Breki yake ni miguu, kwa hiyo viatu viwe vya kufunika vidole, si ndala. Lakini kwa mteja anayeishi Bukavu, Kigali, Kabale au mji wowote wa milima, breki ya mkono kwenye gurudumu la nyuma ni muhimu mtoto akishakua kidogo. Kabla ya hapo, mahali pake ni uwanja tambarare, mzazi akiwa karibu na kofia ngumu ikiwa kichwani.

Usukani una jambo moja ambalo halionekani kwenye picha. Ncha zake ziwe zimefunikwa mpira mnene wenye kingo pana, kwa sababu mtoto akianguka, ncha tupu ya bomba humchoma tumboni. Vivyo hivyo, nati na bolti za magurudumu ziwe zimefunikwa au zimeviringwa, zisikwaruze miguu inayopita kando yake kila hatua.

Mpakani

Hapa ndipo faida nyingi hupotelea. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha uasili, bila ushuru wa forodha. Masharti ni mawili: bidhaa iwe imezalishwa ndani ya nchi wanachama, na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Kodi za ndani za nchi unayoingia, kama zipo, hubaki palepale.

Maana yake ni kwamba baiskeli iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Kariakoo, Kikuubo au Kamukunji. Usiiombee cheti cha uasili. Beba ankara yenye jina kamili la bidhaa, idadi na bei ya kila moja, pamoja na nyaraka za ushuru uliolipwa ilipoingia nchi ya kwanza.

Jina nalo lina gharama. Kitabu cha ushuru kina kifungu 8712 cha baiskeli zisizo na injini, na 9503 cha vifaa vya kuchezea, vikiwemo vya magurudumu. Bidhaa hii inakaa kwenye mpaka wa hivyo viwili. Mpelekee ofisa wa forodha picha na vipimo kabla ya kupakia, upate jibu mapema, badala ya kubishana gari likiwa kwenye foleni. Upande wa viwango ni hivyohivyo: ISO 8098 inahusu baiskeli za watoto ambazo kiti chake cha juu kabisa kiko kati ya milimita 435 na 635. Zilizo chini ya hapo huangaliwa kama vifaa vya kuchezea. Muulize muuzaji wa jumla ni kiwango kipi amefuata, na akuonyeshe karatasi.

Fundi seremala wa kwetu ana nafasi hapa. Baiskeli ya mbao iliyochongwa Rubavu, Arusha au Mbale ina njia ya kuomba uasili ambayo ya kontena haina. Ampelekee mfanyabiashara sampuli yenye kiti kinachopanda na kushuka, mbao iliyopigwa msasa na beringi zinazozunguka bila kukwama. Mikono inayotengeneza chukudu ya kubeba magunia haishindwi na chombo cha kumbeba mtoto wa kilo 12.

Kabla ya kulipa

Fungua boksi moja, si la juu. Unga baiskeli nzima mwenyewe, hesabu bolti, tikisa usukani, zungusha magurudumu, shusha kiti mpaka chini na ukipime kwa tepu. Ikikubali, chukua mzigo wenye saizi mbili: nyingi za kiti cha chini kabisa, na chache za watoto waliokwisha kurefuka. Tepu ile iache dukani, ining'inie kwenye msumari pale mzazi anapoweza kuifikia.