Fundi wa Galbet, usinunue drili kwa kutazama volti

Wafugaji wa Kisomali wamehama na nyumba zao kwa vizazi vingi. Aqal, inayojengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa, mikeka na kamba, hukunjwa malisho yakiisha, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena kwingine. Mjini Garissa, mtaani Galbet, paa ni la mabati, na bati lililopigiliwa misumari halihami salama. Ukiling'oa linapinda, tundu linapanuka, na unakoliezeka upya linavuja.

Na kuhama kungalipo. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipoujaza Mto Tana, familia nyingi za kandokando yake zilikimbilia kambi za muda, na barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Familia ya namna hiyo inahitaji paa linaloweza kushushwa na kupandishwa tena. Paa hilo hufungwa kwa skrubu. Drili ikizungushwa kinyume, skrubu inatoka na bati linashuka zima. Kwa hiyo fundi anayenunua drili ya betri aichague kwa kazi hiyo.

Kwanza, nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Newton-mita. Mabati yanataka nguvu hiyo kwa mwendo wa utulivu. Tafuta drili yenye gia mbili, ufunge skrubu kwa gia ya kwanza, ya polepole na yenye nguvu zaidi.

Pili, klachi, ile pete yenye namba nyuma ya mdomo wa drili. Skrubu ya mabati ina washa ya mpira chini ya kichwa chake. Ikikazwa sawasawa, mpira hutokeza kidogo tu pembeni. Ikizidishwa, mpira hupasuka na maji hupata njia. Anza na namba ndogo, jaribu kwenye kipande cha bati na mbao, kisha panda taratibu mpaka mpira ukae vizuri. Mashine ya impakti ina nguvu nyingi, lakini kwa kawaida haina klachi ya namna hii, hivyo mkono usiozoea hukaza kupita kiasi.

Tatu, betri. Drili inayouzwa kama ya volti 20 mara nyingi ni sawa na ya volti 18: ndani mna seli tano za volti 3.6, ambazo kwa pamoja zikijaa kabisa hufika volti 20 au zaidi kidogo. Boksi dogo lililoandikwa volti 48 au 88 lisikubabaishe. Uliza ampea-saa: betri ya 4 hufanya kazi takriban mara mbili ya betri ya 2 yenye volti zile zile, ingawa ni nzito zaidi ukiwa juu ya paa. Kabla ya kulipa, hakikisha betri ya ziada ya aina hiyo na chaja yake zinapatikana hapa hapa mjini.

Joto la Garissa ni adui wa betri za lithiamu. Mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na bati lenyewe huwa moto zaidi. Usiiache betri juu ya paa. Ikishuka ikiwa ya moto, iweke kivulini ipoe kabla ya kuichaji. Nunua mbili, moja ikifanya kazi nyingine ipumzike.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Skrubu hugharimu zaidi ya misumari, na fundi hataziweka kama hujazilipia. Mwambie mapema, kabla mbao hazijapanda. Mto Tana utafurika tena, na mabati yaliyoshuka mazima ndiyo mtaji wa kuanzia nyumba nyingine.